Shina la kikombe linakatika palepale kila nikihamisha senta, kosa liko wapi?

*"Nakereza (nachonga mbao ikizunguka kwenye mashine) vikombe vya mguu, vile vyenye shina jembamba, na sasa miezi kadhaa nahangaika na vya senta iliyohamishwa (senta ni nukta ambayo mti unazungukia), yani bakuli na kitako vipo mahali pake ila shina linayumba huku na huku kama linacheza. Bakuli nafanya milimita 50, shina milimita 8, nagawa shina vipande vitatu na kila kipande kina senta yake. Alama zote tatu ziko milimita 3 tu kutoka katikati, nimezipanga sawasawa kuzunguka duara. Nafunga kati ya ncha mbili, bakuli naziba na kizibo cha mbao, naanza kitakoni napanda juu. Vikombe vinne vimeshakatika, vyote pale kipande cha pili kinapokutana na cha tatu. Patasi nimenoa mpaka zinanyoa nywele za mkono. Mmoja kaniambia nishushe spidi (niko raundi 1500 kwa dakika), mwingine nibadilishe mbao, mwingine nifunge shina na uzi. Naharibu wapi?"*

Pole kwa vikombe vinne, najua inavyouma maana linalokatika linakatika mwishoni, bakuli umeshalichimba na kulipiga msasa. Ila hiyo ya kukatika palepale mara nne ndo imenipa moyo. Ingekuwa mkono wako haujatulia au patasi ni butu, vingekatika ovyo, kimoja juu, kingine chini, kingine bakuli lingepasuka. Kitu kikikatika sehemu ileile mara nne, hiyo sehemu haina mbao ya kutosha. Na kwa vipimo ulivyonipa, kweli haina.

Chukua karatasi na penseli, fanya hili kabla hujaendelea kusoma. Weka nukta ya katikati, halafu weka zile nukta zako tatu, kila moja milimita 3 kutoka katikati, umezigawa sawa kuzunguka. Sasa pima nukta moja hadi nyingine. Hutapata 3, utapata 5.2. Ukigawa duara mara tatu sawasawa, umbali kati ya alama na alama ni ule uliohamisha mara 1.73, hakuna njia ya kuukwepa. Sasa kwenye kila nukta chora duara la milimita 8, ndo shina lako hilo likionekana kwa juu. Angalia maduara mawili yoyote yanavyopandana, utaona kale kaeneo ka pamoja kana umbo kama la punje ya mchele, na upana wake ni milimita 2.8 tu. Hapo ndipo kipande cha pili kinaposhikana na cha tatu. Kwa eneo, shina la milimita 8 lina milimita za mraba kama 50, na hiyo punje ina kama 12. Chini ya robo! Macho yanakwambia shina lina unene wa milimita nane toka juu mpaka chini, kumbe kwenye kiungo unategemea kijiti cha milimita tatu kasoro, tena kijiti chenyewe kinabeba bakuli lote.

Unaweza kusema lakini mbao zipo pande zote za kiungo, si zimeungana? Zimekaa jirani tu. Mbao ni nyuzi, mfano wa fagio lililofungwa vizuri, nyuzi zinakwenda toka kitakoni mpaka kwenye bakuli. Zile zilizo ndani ya ile punje zinapita moja kwa moja toka kipande cha pili hadi cha tatu, hizo ndo zinazobeba. Nyingine zote umezikata kichwa pale pale kwenye kiungo, zimebaki zimeshikiliwa na jirani zake kwa ubavu, na mbao kwa ubavu inapasuka kirahisi mno, kila aliyepasua kuni analijua hilo. Ndo maana nasema kunoa patasi zaidi hakutakusaidia hapa, hata ukinoa mpaka kesho.

Nikitoka nje ya mada kidogo: kule Dresden, Ujerumani, kwenye jumba la Grünes Gewölbe kuna kazi za kukereza za miaka ya 1500 mwishoni na 1600, vikombe na minara ya shina zilizopinda mpaka unajiuliza zimesimamaje. Watu wanaangalia picha zake halafu wanataka kuiga kwa mbao. Zile ni pembe za ndovu, hazina nyuzi ndefu za kupasuka kama mbao, kwahiyo usijipime nazo.

Tuje kwenye kosa la pili, na hili hakuna aliyekugusia. Unaanza kitakoni unapanda juu. Kwenye mashine, nguvu ya kuzungusha inatoka kichwa cha mbele (upande wenye mota), na kama umefunga kama wengi tunavyofunga, kitako kiko upande huo na bakuli liko kwenye ncha ya nyuma. Ukishafanya jembamba upande wa kitako, nguvu yote ya kuzungusha bakuli na ya kupambana na patasi inapita kwenye ule wembamba na kwenye vile viungo vyako vya punje ya mchele. Kila patasi inapogusa, shina linasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ukigeuza, ukaanza chini kidogo ya bakuli ukawa unarudi kuelekea kichwa cha mbele, nyuma ya patasi unakuwa na mti mnene muda wote, na sehemu uliyoimaliza haisumbuliwi tena kwa kukatwa. Kanuni ya zamani hii hata kwa vikombe vya senta moja: bakuli nje, bakuli ndani, msasa wa ndani, kisha shina toka bakulini kushuka, kitako mwisho. Ukimaliza sehemu usirudi. Najua mkono unawasha kurudi kusawazisha kamstari kamoja, kaache.

Spidi sasa. Aliyekwambia ushushe hajakosea, ila si kwa sababu unayoidhani. Kitu kikizunguka nje ya senta yake kinavuta pembeni, na mvuto huo unakua kwa mraba wa spidi, ukiongeza raundi mara mbili mvuto unakuwa mara nne. Kipande cha gramu 150 kikiwa nje kwa milimita 3 kwenye raundi 1500 kinavuta kwa nguvu kama uzito wa kilo moja na kidogo, na mvuto huo unazunguka mara 25 kwa sekunde. Kwenye mti mnene huo si kitu. Kwenye kiungo cha milimita 2.8 ni kama mtu anaukunja waya huku na huku mpaka ukatike. Ukishuka raundi 750 unabaki na robo yake. Ila pia spidi ikiwa ndogo sana unapata tabu nyingine, maana kwa senta iliyohama patasi inakata, inapita hewani, inakata, inapita hewani, na ukienda polepole kila pengo la hewa linakuwa refu na patasi inapata nafasi ya kuzama ndani. Mimi naanza chini kabisa, napandisha taratibu mkono mmoja uko juu ya mashine, nikianza kusikia mtetemo narudi nyuma kidogo hapo naacha. Kwa kazi ya saizi yako mara nyingi inaangukia kati ya 700 na 1000, ila isikilize mashine yako kuliko namba zangu, maana uzito wake na sehemu iliposimama vina mchango mkubwa.

Uzi. Yule aliyekushauri uzi hajabuni, wapo wanaokereza vile vikombe vya shina refu jembamba kama fito, Wafaransa wanaviita trembleur kwa sababu vinatetemeka ukivigusa, na kweli wanazungushia uzi kwenye fremu ili shina lisicheze. Lakini shina lao lipo kwenye senta moja, linazunguka papo hapo. La kwako ukishahamisha senta, ile sehemu uliyomaliza haizunguki tena kwenye senta yake, inazunguka kama mpini wa pampu, uzi utaikamata na kuivuta. Na tafadhali usijaribu ile ya kushikilia shina kwa vidole kwa nyuma kama tunavyofanya kwenye vikombe vya kawaida. Nilishafanya hivyo nikiwa mbishi, ukingo wa bakuli ukanigonga vifundo vya vidole mara sijui ngapi kabla sijautoa mkono, kilichotokea kilitokea haraka kuliko nilivyoweza kufikiri.

Mbao ni kweli zina mchango, ila ni wa tatu au wa nne kwenye orodha. Unataka mti mzito kiasi, wenye chembe ndogo, nyuzi zimenyooka. Na njia nzuri ya kujua zimenyooka ni kupasua gogo kwa shoka badala ya kulikata kwa msumeno, msumeno unakata popote unapoelekezwa ila shoka linafuata nyuzi zenyewe. Mpingo unakerezeka vizuri ajabu na unang'aa bila vanishi, ila ukizidiwa haupindi, unavunjika tu kama kioo, kwahiyo kwa kujifunzia nisingeuanza. Usitumie kipande chenye fundo karibu na shina hata kama ni kazuri namna gani.

Sasa nini ufanye. Rahisi kuliko zote, na ndo ningeanza nayo mimi: bakiza milimita 3 zako lakini usigawe duara sawasawa. Weka alama ya kwanza, ya pili isogeze nyuzi 60 (yani digrii, sio nyuzi za mbao) badala ya 120, ya tatu nyuzi 60 nyingine. Sasa umbali kati ya alama na inayofuata ni milimita 3 kamili, maduara yanapandana kwa upana wa milimita 5, na eneo la pamoja linapanda toka chini ya robo hadi zaidi kidogo ya nusu. Shina halirukiruki tena, linapanda kama linajizungusha, na kwa macho yangu linapendeza zaidi. Umepata nguvu zaidi ya mara mbili bila kubadilisha unene wala umbali, umebadilisha penseli tu. Alama ya kwanza na ya tatu bado ziko mbali lakini hizo hazikutani, katikati yao kuna kipande cha pili.

Kama unaipenda ile ya kugawa sawasawa basi punguza uhamisho uwe milimita 1.5, hapo unabaki na kama asilimia 60. Utaona ni kidogo lakini jaribu kwanza, jicho linalinganisha shina na bakuli na kitako vilivyonyooka, na milimita moja na nusu kwenye shina la nane inaonekana toka mbali. Au ongeza unene, sio dhambi.

Njia nyingine ni kuacha pete kwenye kila kiungo. Pete unaikereza kwenye senta ya kweli ya katikati kabla hujahamisha kitu, na lazima iwe pana ya kutosha kufunika shina kila upande, kwa vipimo vyako hiyo ni milimita 14 (3 za kuhama jumlisha 4 za nusu ya shina, mara mbili). Urefu wake usiwe kama karatasi, mimi sishuki chini ya unene wa shina lenyewe, maana ndani ya pete ndipo nguvu inapohama toka nyuzi hizi kwenda zile. Inapendeza, ila ni mtindo mwingine kabisa, kama lengo lako ni shina tupu linalocheza basi pete zitakuudhi. Kuna wanaolowesha kiungo na supa glu ile nyepesi kabla ya kukata mwisho, inasaidia kidogo kwenye ufa mdogo, ila usitegemee gundi ibebe kazi ya nyuzi, na ukiimwaga ovyo inaacha doa ambalo mafuta hayaingii.

Kizibo chako cha bakuli nacho kiangalie. Kama kinabana kwenye ukingo tu, kila ukikaza ncha ya nyuma kinalipanua bakuli kama kabari, na siku moja utalisikia. Kichonge mpaka kikae chini kabisa kwenye sakafu ya bakuli, weka tishu katikati, kwenye kuta kiguse tu. Hapo mkandamizo unakwenda moja kwa moja kwenye shina. Alama za senta kwenye kizibo na zile za kitakoni lazima zielekeane, chora mstari mmoja wa penseli kwenye ubavu wa gogo toka mwanzo uwe ndo dira yako. Na usikaze kama unafunga nati ya gurudumu. Shina jembamba likikandamizwa toka ncha zote mbili linabinuka katikati, unaanza kuona linavimba kama upinde, halafu kwaheri. Kaza mpaka liache kucheza, basi, na kila ukipunguza unene legeza kidogo. Kwa upande wa mbele mimi natumia ile ncha yenye ukingo wa mviringo kama kikombe kidogo badala ya ile yenye meno manne, patasi ikinasa inateleza na kazi inasimama yenyewe badala ya kukatika.

Kwenye kukata kwenyewe: shina likiwa bado gogo la milimita 24, ukihamisha kwa 3, patasi itaanza kugusa ikiwa milimita 15 toka senta mpya na haitagusa mzunguko mzima mpaka ufike 9. Katikati hapo unaona kivuli, kuna kiini cheusi na ukungu unaokizunguka. Watu wanakata wakiangalia ukungu, we angalia kiini, weka kitambaa cheupe au karatasi nyuma ya mashine utakiona vizuri zaidi. Bobari ndogo (patasi yenye mfereji), mpini umeubana ubavuni, patasi imekaa kwenye kiegemeo na haifuati mbao, inasubiri mbao iifuate. Ukiisukuma wakati wa hewa, mbao inayokuja inaikuta ndani na hapo ndo kunasa kunakozungumziwa. Sauti itakuongoza: mwanzo tak tak tak, halafu inaungana, inakuwa mlio mmoja, hapo umeshafika kwenye mviringo kamili. Kutoka hapo kata nyembamba sana, maana toka milimita 16 hadi 8 shina limebaki na moja ya kumi na sita ya ugumu wake wa kukataa kupinda. Na msasa upige mashine ikiwa imezimwa, kwa mkono, ukizungusha msasa kwenye kazi iliyohama unakula kona za viungo upande mmoja tu.

Kuna vibanio maalumu vya kuhamisha senta, kile maarufu kina jina la Mfaransa Jean-François Escoulen na kinatengenezwa na Vicmarc ya Australia. Ni kizuri, kinakuruhusu hata kulaza senta, na hapo shina linapanda kwa mshazari. Ila kwa tatizo lako hakitatibu chochote, kingekukatia kikombe cha tano palepale, kwa usahihi zaidi. Baadaye.

Kabla ya kuwasha kila mara zungusha kwa mkono mzunguko mzima uone kama bakuli linagusa kiegemeo, kila mara, hata kama umehamisha alama moja tu. Vaa ngao ya uso mzima, miwani haitoshi kwa kazi hii. Vumbi la mbao limewekwa kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani na IARC (shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO) tangu 1995, barakoa ya maana usiiache, na kama ngozi inawasha au kifua kinabana kila ukikereza mti fulani acha huo mti na umwone daktari, sio suala la kuzoea.

Halafu kuna vitu siwezi kukusaidia kwa maandishi. Ukirekebisha alama, ukageuza mpangilio, na bado patasi inanasa mara kwa mara, tafuta mkerezaji mwenye uzoefu ukae naye hata nusu siku, aweke mkono wake juu ya wako kwenye mpini, ule mkandamizo hauelezeki. Na kama mashine inatetemeka hata bila kazi kufungwa, au ukishika mhimili wa mbele ukautikisa unasikia unacheza, hiyo ni bearing, ita fundi wa mashine kabla ya kikombe kingine.

Anza na fimbo ya bure, bila bakuli kabisa, vipande viwili tu, alama nyuzi 60. Ikisimama mpaka mwisho ikunje kwa mkono uone kiungo kinahimili kiasi gani, kisha ongeza bakuli. Na siku ya kikombe chenyewe usikitenganishe kwa patasi mpaka mwisho, acha kijiti cha milimita 6 hivi chini ya kitako, zima mashine, chomoa ncha ya nyuma, shika kitako chenyewe na sio bakuli, malizia kwa msumeno mdogo.